Pale Kipande Kilipokuwa Kikisimama

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kazi. Cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa cha mwalimu. Cha nyuma, penye vumbi la mbao na harufu ya gundi, kilikuwa cha mumewe, fundi seremala. Mlango wa katikati haukuwahi kufungwa, kwa hiyo fundi alipiga randa huku akisikia fizikia. Hakuielewa. Aliisikia tu, kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Shule aliiona kwa nje, akipeleka madawati.

Neno alilolisikia zaidi ya yote lilikuwa moja: bashiri.

"Bashiri kwanza," mwalimu aliwaambia wanafunzi wake wa tuisheni. "Usiniangalie mimi usoni, jibu haliko usoni kwangu. Angalia ubao, halafu useme kitatokea nini kabla hakijatokea."

Ndipo wakampachika jina, Madamu Bashiri. Mwenyewe alijua, akajifanya hajui.

Neno hilo alilitoa mbali. Baba yake alikuwa dereva wa lori. Siku moja, lori limejaa saruji, aliteremka nalo mlima mrefu, na huko chini likakataa kusimama. Alizikwa kesho yake. Msibani wakubwa walisema ni kazi ya Mungu, wengine wakanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mwalimu alikuwa mtoto mdogo, meno ya mbele hana. Akamshika baba mdogo shati.

"Baba mdogo, lingekuwa tupu lingesimama?"

"Nenda ukacheze na wenzako."

Hakwenda kucheza. Alikwenda shule na swali lake. Sekondari akakuta mwalimu wa fizikia anaandika ubaoni, wao wananakili, kengele inalia, wanafuta. Alinakili yote, akakariri yote. Mtihani ukaja akawapita wote, akapigiwa makofi mpaka viganja vya watu vikawaka. Akiwa njiani kurudi nyumbani na zawadi yake ya sahani, akagundua bado hajui kama lori tupu lingesimama.

"Nilijazwa kama gunia," alimwambia fundi siku moja wakila. "Na mimi nikakubali kushonwa mdomo."

Basi alipokuwa mwalimu aliapa hatashona mtoto wa mtu mdomo. Kiapo hicho kilimponza. Shuleni wenzake walikimbia na mada, yeye akakaa na swali moja juma zima. Mkuu wa shule akamwita ofisini.

"Madamu, wenzako wako mada ya sita. Wewe mpaka leo unateremsha vipande vya mbao?"

"Bado hawajashangaa, mkuu."

"Mtihani hauulizi mshangao!"

"Najua. Ndio maana wanausahau siku ya pili yake."

Muhula uliofuata jina lake halikuwemo kwenye ratiba. Hakugombana na mtu. Alirudi nyumbani na chupa yake ya chai na boksi la chaki, akasimama kwenye mlango wa karakana.

"Fundi, umefukuza mtu kazi leo?"

"Hapana. Kwani?"

"Basi mimi nimefukuzwa. Nitengenezee ubao."

Hivyo ndivyo tuisheni ilivyoanza. Na hapo ndipo walipogombana kuliko siku nyingine zote za ndoa yao.

Aliomba ubao mrefu, wa kuinamishwa upande mmoja, na vipande vya mti vya kuteleza juu yake. Fundi akachagua mbao nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Akaupiga randa, akaupiga msasa, akaupaka vanishi mpaka ukiinama unaona uso wako. Akauleta chumba cha mbele begani kama anayebeba bibi harusi. Mwalimu akaweka kipande juu, kikateremka mara moja, kikaanguka sakafuni.

"Umeuua," akasema.

"Nimeuua nini?"

"Hakuna kinachosimama hapa, fundi. Kila kitu kinapita. Nitafundisha nini?"

Kabla hajajibu, mkewe alikuwa ameshaingia karakana akatoka na kipande cha msasa mkali kuliko wote. Akapiga magoti, akaanza kukwaruza ile kazi, pale katikati, upana wa kiganja. Fundi alisikia kila mkwaruzo kwenye meno.

"Wewe mama una wazimu? Fundi gani anatoa kazi ina kovu?"

"Fundi mwenye mke mwalimu."

"Watu wakiingia hapa watasema nimezeeka!"

"Umezeeka. Nishikie huku mwisho."

Akashika. Alinuna, lakini alishika. Mwalimu akaweka kipande kwenye alama aliyoichora kwa penseli, akakiachia. Kikateremka, kikafika pale palipokwaruzwa, kikapungua, kikasimama.

"Umeona?" mwalimu akasema. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Huo ndio msuguano. Huo ndio uliotuweka pamoja mimi na wewe miaka yote hii. Bila huo ungeshateleza ukaenda zako."

Fundi alitaka kuendelea kununa, akashindwa, akacheka.

Lakini kovu lile lilimkera moyoni tangu siku hiyo. Kila mgeni alipoingia, fundi alisimama mbele ya ubao kulikinga lisionekane.

Darasa lilikwenda hivi. Mwalimu anaweka kipande kwenye alama. Anauliza: kitasimama au kitapita? Anayesema kitasimama anakwenda ukuta wa dirisha, anayesema kitapita anakwenda ukuta wa mlango. Hakuna kubaki katikati. Wakishajipanga ndipo kipande kinaachiwa. Kisha anauliza: nikiweka viwili, kimoja juu ya kingine, vitakwenda mbali zaidi au vitasimama karibu? Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wengine waliapa kwamba kizito hakisimamishiki, wengine kwamba kizito kinakandamiza kwa hiyo kitawahi kusimama. Vipande viwili vinaachiwa, vinasimama palepale kiliposimama kimoja. Chumba kizima kimya. Fundi akiwa karakana alikijua kile kimya, akasimamisha randa akisikilize.

"Na lori je?" mtoto mmoja angeuliza, kwa sababu wote walijua habari ya lori.

"Lori linasimamishwa na breki, na breki zinapata moto," mwalimu alijibu. "Mzigo mzito, mlima mrefu, moto mwingi. Zinachoka. Lingekuwa tupu huenda lingesimama." Halafu akakirudisha kipande kwenye alama. "Haikuwa mkono wa mtu."

Kulikuwa na sheria moja nyingine, na hiyo ndiyo iliyowatisha wageni. Aliyekosea harudi kwenye benchi mpaka aseme alifikiri nini. Asiseme "nimekosea" tu, aseme kilichompeleka kwenye ukuta ule. Na hakuna kucheka. Akishasema, mwalimu anachukua chaki, anayaandika maneno yake kwenye ubao wa kuandikia, kama alivyoyasema, mabovu yake yote. Jibu sahihi hakuliandika kamwe.

"Lile mmeliona kwa macho," alisema. "Hili ndilo litakalotutoroka tusipolishika."

Mara nyingi aliita kupitia mlango wa katikati: "Fundi! Njoo nawe usimame ukuta mmoja!"

"Mambo ya shule mimi siyajui, mwalimu."

"Hakuna anayejua, ndio maana tunabashiri!"

"Gundi itaganda."

Watoto walicheka. Gundi haikuwahi kuganda. Alikuwa anaogopa, mtu mzima na mvi zake, kusimama mbele ya watoto na kuulizwa alifikiri nini.

Kisha mwalimu akaugua. Ugonjwa ulianzia kwenye sauti. Alifundisha kwa kunong'ona, na watoto wakajifunza kunyamaza ili wamsikie. Halafu akafundisha akiwa amekaa, halafu akawa anasikiliza tu, binti mmoja akiuliza maswali badala yake. Binti huyo walimwita Mbishi, kwa sababu hata akipatia alitaka kujua kwa nini hakukosea. Siku ya mwisho mwalimu kutoka kitandani aliomba apelekwe chumba cha mbele. Fundi akamshika mkono. Mwalimu akapitisha kiganja juu ya ubao, polepole, mpaka katikati, kikatulia hapo. Fundi hakuuliza kwa nini.

Baada ya mazishi watu waliondoka, kama watu wanavyoondoka. Fundi akaufunga mlango wa katikati kwa mara ya kwanza. Karakana haikutoa sauti, chumba cha mbele hakikutoa sauti. Alipika uji, akausahau, ukaungua. Alikaa kitandani upande wake, upande wa pili hakuugusa.

Shemeji yake, mdogo wake marehemu, alikuja kumwona. Alikuwa muuza vitambaa, mwanamke wa maneno ya wazi.

"Shemeji, utajimaliza. Chumba cha mbele kipangishwe. Kuna mshona nguo anakitaka, mtu mpole. Wewe njoo ukae kwangu, wajukuu wakupigie kelele."

"Wanafunzi je?"

"Wanafunzi gani? Mwalimu hayupo."

Fundi akashika tama. Alichokuwa nacho ni chumba kile tu. Mwalimu akiwa amebaki popote duniani, amebaki mle, kwenye zile kuta mbili na ule ubao. Kikiingia cherehani, basi ameondoka kweli.

Ndipo Mbishi alipobisha hodi. Alikuwa na wenzake wawili nyuma yake, kijana mmoja mrefu kama mlingoti na binti mwingine mwenye miwani.

"Babu, shikamoo. Mtihani wa vitendo umekaribia. Shuleni vifaa vimefungiwa kabatini. Tungeomba tuje hapa tujifunze wenyewe, kama alivyotuachia madamu. Mimi nitauliza maswali."

"Mtakuja wangapi?"

"Wote, babu. Wakiona inawezekana."

Fundi alimtumia shemeji yake ujumbe: asubiri Jumamosi. Watoto wakija na darasa likienda, chumba kitabaki darasa. Lisipokwenda, basi aje na mshona nguo wake.

Shemeji akakubali. "Ila Jumamosi nitakuja mwenyewe kuona," akasema.

Siku ile mikono ilimrudia fundi. Alifungua mlango wa katikati. Alifagia, akafuta madirisha, akagonga misumari ya benchi lililolegea. Kisha akauangalia ubao. Vanishi ilikuwa imefubaa, kingo zimechakaa, na pale katikati kovu lilikuwa limegeuka jeusi kwa viganja na chaki ya miaka mingi. Aliona aibu. Watoto wa watu wanakuja, na kazi ya mikono yake, ukumbusho wa mke wake, iko katika hali ile.

Akaubeba hadi karakana. Akaupiga randa. Zile nyuzi za mbao zilitoka ndefu, zikajikunja, zikaanguka miguuni pake, nyeusi kwanza, halafu kahawia, halafu nyeupe safi. Akaupiga msasa laini. Akaupaka vanishi, akaungoja ukauke, akaupaka tena. Alikuwa anaimba, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi. Alipoinama juu yake aliona uso wake, mzee, macho mekundu, lakini ulikuwa uso wake. Akasema kwa sauti, peke yake mle ndani, "Haya, mwalimu. Sasa unapendeza."

Jumamosi walikuja. Benchi zilijaa, wengine wakakaa sakafuni. Shemeji alisimama mlangoni na mkoba wake kwapani. Fundi alikaa kwenye stuli ya pembeni, shati limepigwa pasi.

"Lo, babu!" kijana mlingoti akasema. "Umetuletea kioo?"

Watoto wakacheka, fundi naye akacheka, moyo umemjaa.

Mbishi aliuinamisha ubao juu ya matofali kama kawaida. Akatafuta alama ya penseli. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Haikuwepo. Akapima kwa kiganja, akaweka kipande pale alipodhani ndipo.

"Tunaanza na rahisi, kama madamu," akasema. "Kitasimama au kitapita? Bashiri."

Hakukuwa na ubishi. Hilo walilijua hata wakiwa wamelala. Wote wakaenda ukuta wa dirisha wakisukumana na kutaniana, ukuta wa mlango ukabaki mtupu, na shemeji peke yake amesimama kando yake.

Mbishi akakiachia kipande.

Kiliteremka. Kilifika katikati, kikapita katikati kama hakijui kitu, kikafika mwisho, kikaanguka sakafuni. Mlio wake ulikuwa mdogo tu.

Hakuna aliyecheka. Binti wa miwani akaziba mdomo. Mbishi aliinama, akapitisha vidole juu ya ubao, akarudi, akapitisha tena, kama mtu anayetafuta sindano gizani.

"Vipi?" fundi akauliza. "Kimekuwaje?"

"Babu." Mbishi aliviacha vidole pale katikati. "Palikuwa na mahali hapa. Pa madamu."

"Lile kovu?"

"Lilikuwa somo lenyewe, babu."

Fundi akauangalia ubao. Uling'aa kutoka mwisho hadi mwisho. Akakumbuka siku ile ya kwanza, mkewe amepiga magoti. Akakumbuka siku ya mwisho, kiganja kilipotulia. Akakumbuka zile nyuzi nyeusi zilizoanguka za kwanza, alizozifagia mwenyewe, akazitia jikoni, akachemshia maji ya kuoga.

"Nilitaka upendeze," akasema.

"Umependeza, babu," kijana mlingoti akadakia haraka. "Kweli kabisa umependeza."

Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Watoto walitazamana. Mmoja alishaanza kuchukua mkoba wake. Mbishi akaliona hilo, akauma mdomo. Hakujua la kufanya, na asiyejua la kufanya hufanya alilofundishwa.

"Kaeni," akasema. "Huu ubao hatuujui tena. Ni mgeni. Basi tunaubashiri upya." Akatoa tofali moja chini ya ule mwisho wa juu, mwinamo ukapungua. Akaweka kipande karibu kabisa na katikati. "Kutokea hapa. Kitasimama au kitapita?"

Safari hii wote walikwenda ukuta wa mlango. Waliona vanishi, walikuwa na macho. Walikwenda kimyakimya, shemeji akasogea kuwapisha.

Stuli ikakwaruza sakafu. Fundi alikuwa amesimama. Alivuka chumba, viatu vyake vikilia, akapita mbele ya ule ubao bila kuuangalia, akaenda ukuta wa dirisha. Akaugeukia umati. Alikuwa peke yake upande huo, mikono imening'inia.

"Babu?" Mbishi akasema.

"Achia."

Mbishi akakiachia.

Kwanza kilisita. Kila mtu alikiona kikisita. Kisha kikaanza, taratibu, kikateleza, kikapita katikati, kikaenda mpaka mwisho, kikaanguka.

Watoto walibaki ukutani. Hakuna aliyejua kama sheria inamhusu mzee. Fundi ndiye aliyejua. Aliisikia sheria ile kupitia mlango wa katikati kwa miaka yote ile, na hakurudi kwenye stuli yake. Alisimama palepale.

"Nilidhani," akasema, akakwama. Akaanza tena. "Nilidhani pamebaki kidogo."

Mbishi akachukua chaki. Herufi zilikwenda mshazari, lakini aliyaandika kama yalivyosemwa. Fundi hakujua kusoma. Aliyaangalia tu. Shemeji yake, pale mlangoni, aliyasoma mara moja, kisha akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akajifuta uso. Habari ya mshona nguo hakuitaja siku hiyo.

Darasa halikuendelea. Waliagana mmoja mmoja, wakampa mkono. Mbishi alisema watakuja tena Jumanne, kama babu ataweza kuutengeneza ubao.

"Nitautengeneza," fundi akasema.

Walipoondoka aliingia karakana, akachagua msasa mkali kuliko wote. Akarudi chumba cha mbele, akapiga magoti mbele ya ubao, magoti yakalia. Akauweka msasa juu yake. Akausogeza kidogo juu. Akausogeza kidogo chini. Miaka yote ile alisimama mbele ya kovu lile akilikinga watu wasilione, na sasa ubao ulikuwa mweupe mahali pote sawasawa, na yeye hakumbuki lilikuwa wapi hasa.